Mlimani City na Barabara ya Sam Nujoma

Wakazi wa Dar es Salaam waliokuwa wakisafiri kati ya Ubungo na Mwenge kabla ya mwaka 2006 wanaikumbuka Barabara ya Sam Nujoma kama njia ya kupita tu, kwa kuwa upande wa magharibi ilipakana na ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichohamia mlimani mwaka 1964, na upande wa mashariki ilipakana na Sinza, ambako watu walikwenda kulala au kustarehe, si kutafuta ofisi. Kazi za ofisini zilikuwa Posta, yaani katikati ya mji, na daladala, mabasi ya watu binafsi yaliyoruhusiwa rasmi mwaka 1983 baada ya shirika la umma la UDA kuelemewa na abiria, zilipangiwa njia kwa kufuata dhana hiyo: asubuhi watu huingia mjini, jioni hutoka.

Mlimani City, iliyofunguliwa mwaka 2006 juu ya ardhi ya chuo kwa makubaliano ya ukodishaji wa muda mrefu na kampuni kutoka Botswana, iliivuruga dhana hiyo. Palikuwa na maduka na sinema, lakini pia ofisi, na baadaye ukumbi mkubwa wa mikutano. Kwa hiyo pakawa kituo cha biashara cha pembezoni, yaani mkusanyiko wa majengo ya kazi uliowekwa nje ya kitovu cha mji ukiwa na maegesho yake wenyewe. Maegesho hayo yanaeleza mengi kuliko majengo, kwani yalitandazwa mbele, kati ya barabara na milango, kana kwamba kila mgeni angefika na gari lake, ilhali wauzaji, wahudumu na makarani walishuka kwenye daladala na kuvuka eneo hilo la magari kwa miguu, juani. Bodaboda na bajaji ndizo zilizokuja kuziba pengo kati ya kituo na mlango, bila mpangaji yeyote kuziombea nafasi.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa mataa ya Ubungo, makutano ambapo Sam Nujoma hukutana na Barabara ya Morogoro na ile ya Mandela iendayo bandarini, na ambapo malori, mabasi ya mikoani na daladala vilisubiri mkono wa askari wa usalama barabarani, ambaye mara nyingi ndiye aliyeamua nani apite, taa ziwake zisiwake. Mabasi yaendayo haraka, yaani yale yenye njia zao pekee, yalipoanza mwaka 2016, yalifuata Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kivukoni, hivyo mfanyakazi wa Mlimani City aliyetoka Kimara alifika Ubungo upesi, kisha akabadili usafiri na kuingia katika foleni ileile ya zamani. Barabara za juu za Kijazi, zilizofunguliwa mwaka 2021, zililegeza makutano hayo, na katika mwaka huohuo mabasi ya mikoani yalihamishwa kutoka Ubungo kwenda Mbezi Luis. Lakini barabara ya juu huhudumia magari, na haimpunguzii abiria gharama ya kupanda mara mbili. Jibu la moja kwa moja limo katika awamu ya nne ya mradi wa mabasi hayo, ambayo, pamoja na Barabara ya Bagamoyo, imepangiwa kipande cha Mwenge hadi Ubungo, mbele kabisa ya maegesho yale.