Kuonja Bourbon Kentucky, Kuonja Mnazi Kilifi

Bourbon ni pombe kali ya mahindi, na kabla haijafika kwenye ulimi wa mwonjaji huwa imeshapita kwenye sheria. Ili iitwe kwa jina hilo lazima itengenezwe Marekani, mahindi yasipungue asilimia 51 ya nafaka zake, iingie kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani ikiwa na kilevi kisichozidi asilimia 62.5, na isitiwe chupani ikiwa chini ya asilimia 40. Haiongezwi rangi wala ladha. Bunge la Marekani liliitambua mwaka 1964 kuwa kinywaji cha nchi hiyo peke yake. Jimbo lolote linaweza kuitengeneza, lakini nyumbani kwake ni Kentucky, ambako mapipa yanayokomaa maghalani ni mengi kuliko wakazi wa jimbo zima.

Wapenzi wa kinywaji hiki hukutana kukionja na kupeana habari za walichokionja, na jambo hilo wamelifanya fani yenye taratibu zake. Sebuleni kwa mmoja wao huandaliwa meza yenye chupa nne au tano zilizofungwa kwa karatasi ili mtu asihukumu kwa lebo. Kila mgeni hupewa bilauri ndogo zenye tumbo pana na mdomo mwembamba, maji, biskuti zisizo na chumvi, daftari na kalamu. Kinachomiminwa hakizidi mafunda mawili matatu. Kisha chumba hunyamaza. Kwa mtu aliyekulia karibu na baa za Kariakoo au Kangemi, ambako swali pekee linaloulizwa kuhusu bia ni "baridi au ya moto?", kimya cha watu wazima kumi mbele ya chupa tano kinastaajabisha, na ni kimya kizuri.

Kuonja huanza na macho. Bilauri huinuliwa kwenye mwanga, rangi ikatazamwa kama ni ya majani makavu, ya asali au ya shaba, maana rangi yote imetoka kwenye pipa na husema kitu kuhusu umri na ukali wake. Kisha hufuata pua. Mwonjaji hunusa huku mdomo umeachama kidogo, la sivyo mvuke wa kilevi huichoma pua na harufu nyingine zote zikapotea. Funda la kwanza halihesabiwi. Kazi yake ni kuuzoesha ulimi moto. La pili huzungushwa mdomoni kama linatafunwa, mtindo unaohusishwa na Booker Noe, mjukuu wa Jim Beam. Baada ya kumeza, mwonjaji husubiri. Joto linaloshuka kifuani Wamarekani hulisifu kuwa ni kukumbatiwa na Kentucky, na urefu wa ladha inayobaki huandikwa daftarini: imekatika mara moja, au imekaa hata wakati jirani ameshaanza kuzungumza. Matone machache ya maji huongezwa, na kuonja huanza upya, kwa sababu maji hupunguza ukali na kuziachia harufu zilizokuwa zimefichwa.

Maneno yanayosomwa kutoka kwenye madaftari hayo humshangaza mgeni. Vanila, karameli, cheri, tumbaku, ngozi ya kiti cha zamani, karanga za kuoka, pilipili manga. Mtu asiyezoea hudhani ni madoido. Sivyo, kwani nyingi ya harufu hizo zina chanzo kinachojulikana. Moto unapounguza mwaloni huvunja lignini ya mti na kuacha vanilini, kemikali ileile inayonukisha ganda la vanila. Sukari zilizofungwa ndani ya ubao hugeuka karameli chini ya safu ya mkaa. Mwaloni una laktoni zinazonukia nazi. Una pia yujenoli, ambayo ndiyo roho ya mafuta ya karafuu. Hamira nayo, wakati nafaka inachacha, hutengeneza esta yenye harufu ya ndizi mbivu.

Karafuu, nazi, vanila, ndizi. Mtu wa Pemba, wa Kilifi, wa Moroni au wa Bukoba amekua na harufu hizi mlangoni. Hata hivyo, kwenye meza za Kentucky Mswahili huonekana mara nyingi akinyamaza, akisubiri wenyeji waseme, kana kwamba yeye hakupewa ulimi. Chati za ladha zinazogawiwa zimejaa biskuti na peremende za utoto wa Kimarekani: pai ya tofaa, soda ya cheri, siagi iliyopikwa na sukari. Hazina halua wala sukari guru wala ubuyu wala kashata. Mtu ambaye hajawahi kula pai ya bibi wa Kimarekani hawezi kuikuta kwenye bilauri, na hapo huamua kwamba fani hii si yake. Hilo linaudhi. Anayeweza kutofautisha kwa kunusa karafuu iliyoanikwa vizuri na iliyonyeshewa mvua ana pua ambayo waonjaji wengi wa Louisville, Kentucky, wangeitamani. Akisema bourbon fulani inanukia kashata iliyoungua kidogo chini ya sufuria, amesema jambo sahihi zaidi kuliko kuazima pai ya watu.

Waonjaji wenyewe hubishana sana, na ubishi wao una mizizi kwenye mapishi. Karibu kila bourbon ina mahindi, kimea cha shayiri na nafaka ya tatu. Nafaka hiyo ikiwa ni rai, ladha huchongoka na kuwasha kama pilipili. Ikiwa ni ngano, kama ilivyo kwa Maker's Mark, hulainika. Four Roses hutumia mapishi mawili ya nafaka na hamira tano, hivyo kupata bourbon kumi tofauti kabla ya kuzichanganya, na wapo wanaokesha wakijaribu kuzitambua moja baada ya nyingine. Ghala nalo huingia kwenye mjadala: pipa la ghorofa ya juu hupikwa na joto la kiangazi, la chini hukaa kwenye ubaridi, na yaliyojazwa siku moja huweza kutofautiana yakifunguliwa. Kila mwaka sehemu ya pombe hupotea kwa mvuke kupitia ubao, na Wamarekani husema hiyo ni sehemu ya malaika.

Pwani ya Kenya, mnazi huonjwa kwa namna nyingine kabisa. Mgema hupanda asubuhi na jioni, akakata ncha ya karara kwa kotama na kufunga kibuyu. Utomvu unaotoka ni mtamu na huanza kuchacha humohumo kwenye kibuyu, hamira ikitoka hewani na kwenye kibuyu chenyewe. Wa asubuhi hupendwa na wasiotaka kulewa. Kufikia jioni umekuwa mkali, na ukiachwa zaidi huelekea kuwa siki. Kwenye nyumba nyingi za Waislamu, ambako haunywewi, uliochacha umetumika jikoni kuumulia mikate na vitumbua. Mangweni, yaani vilabuni, watu huunywa kwa mboko na mrija, wakipeana hukumu kwa maneno machache: mtamu, mkali, umelala, umetiwa maji. Mzee wa Kigiriama huweza kujua kwa funda moja kama mnazi umekatwa alfajiri au jana, na kama aliyeuleta ameuongezea sukari ili kuficha maji. Inapoletwa kadzama, yaani mnazi wa kimila, mbele ya wazee kwa ajili ya mahari au kesi, hukumu hiyo ina uzito zaidi kuliko nyota zote ambazo mwonjaji wa Marekani huipa chupa.

Kilimanjaro kuna mbege, na mbege ina ufundi unaolingana na wa kiwanda chochote cha Kentucky. Ndizi huchemshwa na kuachwa siku kadhaa, zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na uchungu huletwa na gome la msesewe. Mpishi, mara nyingi mama, hupima vitu vitatu kwa wakati mmoja: utamu uliobaki, uchungu na uchachu. Katika nyumba moja ya Marangu, bibi aliyepika mbege miaka mingi alipewa kata na mke wa mwanawe, akaonja funda moja, akasema ndizi zilitolewa motoni mapema, akairudisha kata. Mkwe alikwenda kupika upya. Mjukuu wa bibi huyo, anayeishi Louisville, anaweza kusoma kurasa nyingi kuhusu pipa moja la mwaka fulani lililowekwa ghorofa fulani, lakini mbege ya bibi yake haina hata mstari mmoja ulioandikwa.

Hasara hiyo si ya Afrika Mashariki peke yake. Huko Tennessee, jirani ya Kentucky, Nathan Green, aliyeitwa Nearest, alikuwa mtumwa na fundi wa kukeneka pombe, na ndiye aliyemfundisha Jack Daniel kazi hiyo. Jina la mwanafunzi liliandikwa kwenye chupa zilizozunguka dunia. La mwalimu lilikaa zaidi ya karne moja likijulikana kwa watu wachache. Wapika mbege, wagema wa mnazi na wagema wa ulanzi wa mianzi wa Njombe wamo kwenye kundi hilohilo la mafundi ambao ulimi wao ulisifiwa walipokuwepo na kuzikwa nao.

Tofauti ya maneno kati ya Kentucky na nyumbani ina sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni muda. Bourbon ikishaingia chupani hutulia. Mtu wa Lexington na mtu wa Tokyo wanaweza kufungua chupa za pipa moja, wakaonja, na kubishana juu ya kitu kilekile. Mnazi hausubiri. Wa saa mbili asubuhi na wa saa kumi jioni ni vinywaji viwili, kwa hiyo hukumu yake hufaa tu kwa waliokaa pamoja kwenye mangwe moja. Maelezo yaliyoandikwa leo hayamsaidii mnywaji wa kesho, na ndiyo maana wazee hawakuona haja ya daftari.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni uaminifu wa kinywaji chenyewe. Kabla ya mwisho wa karne ya 19, wiski nyingi iliyouzwa Marekani ilikuwa ya kughushiwa: spiriti tupu iliyotiwa rangi na ladha kwa tumbaku, maji ya plamu kavu, hata iodini. Mnywaji wa wakati huo alionja kwa hofu. Sheria ya mwaka 1897 ilileta chupa zilizothibitishwa na serikali: pombe ya mtambo mmoja na msimu mmoja, iliyokaa angalau miaka 4 kwenye ghala linalosimamiwa, na yenye kilevi cha asilimia 50. Kuanzia hapo mtu aliweza kumimina akiwa na hakika, na mwenye hakika hupata nafasi ya kuuliza kama ananusa cheri au tende. Nyumbani swali la kwanza bado ni lile la Wamarekani wa kabla ya 1897: je, ni salama? Kenya iliipiga chang'aa, pombe kali ya kienyeji, marufuku mwaka 1980, kisha sheria ya mwaka 2010 ikairuhusu kwa masharti ya ubora na chupa, lakini vifo na upofu kutokana na pombe iliyochanganywa na methanoli vimeendelea kusikika. Mtu anayeonja ili ajue kama atapona hana muda wa kutafuta harufu ya vanila. Kumlaumu kwamba hana msamiati wa ladha ni kumwonea.

Kusifu pia hufanya kazi tofauti. Kila Mswahili anajua kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na methali hiyo imewafundisha wanywaji kubana maneno mbele ya muuzaji. Kentucky wamesifu bila kujizuia. Bourbon ya Pappy Van Winkle imeandikwa na kuimbiwa sifa hadi chupa moja huuzwa mkono kwa mkono kwa maelfu ya dola, mbali sana na bei ya dukani, na watu hupanga foleni au kuingia bahati nasibu kupata nafasi ya kuinunua. Pombe yenyewe haikuzidishiwa maji, kwa kuwa sheria hairuhusu chupa ya bourbon ishuke chini ya asilimia 40. Kilichotokea ni kwamba wapenzi wengi walioandika sifa hizo hawawezi tena kuionja. Hapa wazee wa Pwani waliona mbele.

Huko Kentucky, Lexington na Louisville sasa ni miji ya Waswahili pia. Familia nyingi kutoka mashariki mwa Kongo zimehamia huko, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosikika zaidi kwenye shule za Lexington, pamoja na Kiingereza na Kihispania. Viwanda vya karibu huwaonjesha wageni pombe mpya kabla haijaingia kwenye pipa, nyeupe kama maji, ambayo Wamarekani huiita mbwa mweupe. Mtu wa Lubumbashi au Kalemie anayejua lutuku, pombe ya mahindi na mihogo, huitambua mara moja: mahindi ya kuchemsha, hamira, moto kooni. Wageni wa Kimarekani wanaotembelea viwanda hivyo hukosa maneno ya kuielezea. Yeye anayo, na anaweza kueleza pia mahindi yaliyooza kidogo yanavyojulikana kwa kunusa, na moto uliozidi unavyoacha uchungu.

Kutoka hapo bourbon huenda ghalani na kukaa miaka minne, sita au kumi na miwili, ikipokea kutoka kwenye mwaloni karafuu na nazi yake. Njia hiyo imefungwa kwa mpika gongo wa Tanzania. Sheria ya mwaka 1966 inakataza kukeneka bila leseni, kwa hiyo anachokipika usiku hukiuza kabla ya jua kuwa kali, na hata angepata pipa zuri asingethubutu kulijaza, kwa kuwa pombe iliyolazwa ni ushahidi siku polisi wakija.