Kulieleza Iritungu kwa Asiyelisikia

Mambo ya macho huelezeka kwa urahisi. Mtu ambaye hajafika Mara anaweza kuambiwa kwamba vilima vya Tarime ni vya kijani na kwamba asubuhi ukungu hukaa mabondeni, naye akapata picha karibu na ukweli. Mambo ya masikio yana taabu yake. Sauti haina rangi wala kimo. Ikishapita imepita, na anayeieleza hana budi kuazima maneno kutoka kwingine.

Taabu hiyo niliijua vizuri miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa mtumishi katika ofisi ya serikali inayoshughulikia utamaduni. Mwalimu mmoja wa sekondari, kutoka kusini mwa nchi, aliandika barua. Wanafunzi wake walikwisha kunakili katika madaftari yao kwamba iritungu, ambalo wengine huliita litungu, ni ala ya nyuzi nane ya Wakuria wa mkoa wa Mara. Jibu hilo lingewapatia alama katika mtihani. Lakini binti mmoja akasimama, akauliza, "Mwalimu, linasikikaje?" Mwalimu hakuwa na la kumjibu. Barua ikaletwa mezani kwangu, kwa kuwa mimi ni mzaliwa wa Nyarero, tena natunga mashairi.

Swali la binti yule ni zito kuliko linavyoonekana. Mwalimu Nyerere, naye mwana wa mkoa wetu, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, nia ilikuwa wananchi wajivunie urithi wao na wafahamiane kwa urithi huo. Sasa tujiulize: je, mtoto wa kusini amemfahamu Mkuria kwa kujua idadi ya nyuzi za ala yake? Mwenye kukariri jina la chakula hajashiba.

Nilianza kwa njia iliyo nyepesi, nikaeleza viungo vya ala yenyewe. Iritungu lina bakuli kubwa la mti lililochongwa na kuwambwa ngozi. Humo hutoka mikono miwili ya mti, na juu yake hulazwa kijiti cha kufungia nyuzi. Zamani nyuzi zilikuwa kano za ng'ombe; siku hizi ni nailoni. Mpigaji huketi, huliweka mbele yake, akazidonoa nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili huku akiimba. Wachezaji hufunga njuga miguuni, na baadhi yao huvaa viatu vya mbao vyenye soli nene, hata kila hatua ikawa pigo la ngoma. Nilipoisoma tena aya hiyo niliona kwamba ingemfaa seremala. Msikilizaji angebaki palepale alipokuwa.

Nikajaribu njia ya pili, ya kulinganisha. Niliandika kwamba iritungu ni ndugu wa nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wakisii. Ni kweli, ni ukoo mmoja wa ala, na kila moja ya hizo ina nyuzi nane. Lakini binti aliyeuliza hakuwahi kusikia nyatiti wala obokano. Kumwambia hivyo ni sawa na kumwelekeza mgeni nyumba kwa kumtajia jirani asiyemjua. Nikafikiria gitaa, ambalo wote wanalijua, kisha nikalifuta. Sauti ya gitaa la kawaida ni nyororo, na hutoka kama maji ya mfereji. Sauti ya iritungu ina chembechembe. Hutoka kama ulezi unaomwagwa juu ya ngozi kavu.

Hapo ndipo nilipokumbuka kisa kilichonifumbua macho. Kikundi kimoja cha wazee wa kwetu kiliitwa mjini kurekodi nyimbo zao, nami nikawasindikiza. Fundi mitambo, kijana mwenye adabu na bidii, alisikiliza kidogo, akasimamisha kazi. Alisema, "Shikamoo tena, Mzee, lakini chombo chako kina mkwaruzo. Kila uzi ukipigwa, nyuma yake kuna kitu kinazizima. Tukiondoe kwanza." Mpigaji alimtazama kwa upole, akamjibu, "Mwanangu, ukikiondoa hicho, utakuwa umebaki na mti na ngozi." Walibishana kwa heshima hata saa sita mchana. Mwishowe nyimbo zilirekodiwa, lakini mkwaruzo ukapunguzwa kwa mitambo. Niliposikia kanda ile nilitambua nyimbo, nisitambue iritungu. Ilikuwa kama kumsikia mtu unayempenda akizungumza huku amefunikwa blanketi.

Fundi yule hakuwa mtu mbaya. Alifundishwa kwamba sauti njema ni sauti safi, na kwamba kinachozizima ni kosa. Lakini masikio ya Afrika, katika sehemu nyingi, yamefundishwa vingine. Wagogo huweka utando wa buibui juu ya tundu la ilimba ili sauti iwe na mzizimo, na marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka sauti hiyo katika majukwaa ya dunia bila ya kuisafisha. Kule Kinshasa, bendi ya Konono N°1, iliyoundwa na marehemu Mawangu Mingiedi, ilivipa vikembe vipaza sauti vilivyotengenezwa kwa sumaku za magari mabovu. Mitambo hiyo ilikwaruza vibaya. Nao, badala ya kuukimbia mkwaruzo, wakaufanya kuwa sehemu ya muziki. Albamu yao ya Congotronics ya mwaka 2004 ilisikilizwa Ulaya na Marekani na watu waliostaajabu kwamba kelele inaweza kuwa tamu. Mzee wa Nyarero asingestaajabu.

Basi nilichana karatasi zangu za kwanza, nikamwandikia mwalimu hivi: "Waambie wanafunzi wafumbe macho. Wafikirie mzinga wa nyuki uliowekwa ndani ya pipa, na mtu anayeugonga taratibu kwa kidole: ndu, ndu-ndu, ndu. Sauti ni nzito, huingia kifuani kabla ya kufika sikioni. Maneno ya muziki ni machache na hurudiwa, kama mwendo wa ng'ombe wanaorudi zizini. Anayesikiliza haraka huchoka, anayesubiri huanza kusikia tofauti ndogondogo. Juu yake hupita sauti ya mwimbaji, nyembamba na kali, ikihadithia mifugo, koo na waliokufa. Chini yake ni njuga, cha-cha, na viatu vya mbao, ko, ko. Havikuungana vikawa kitu kimoja laini. Kila kimoja kinasikika peke yake, na bado vinakwenda pamoja."

Sidai kwamba maneno hayo yanatosha. Lugha yetu ina utajiri mkubwa wa tanakali, na mshairi hana budi kuutumia. Lakini tanakali iliyo bora ni mlango tu, si nyumba. Maelezo ya sauti yamefanya kazi yake pale yanapomtia mtu hamu ya kwenda kusikia.

Kwa hiyo nawaomba walimu jambo moja. Kabla ya kuwaandikisha wanafunzi majina ya ala za mbali, mtafuteni mpigaji mmoja wa karibu na shule, awe wa zeze, marimba, filimbi au ngoma. Aje darasani na chombo chake kama kilivyo, na mkwaruzo wake wote. Kisha kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja wa kumweleza mtoto wa Nyarero sauti aliyoisikia, naye asitumie neno "nzuri" hata mara moja.