Kungumanga za Gouyave

Meli za watalii humfikisha mtu visiwani bila ya kumwonyesha kisiwa. Hufunga gati asubuhi na kuondoka jioni. Baina ya nyakati hizo mbili abiria huteremka, hununua kofia na kikopo cha viungo, kisha hurudi melini kula. Akiulizwa baadaye, husema amekwisha kufika. Mpemba mmoja, mkaazi wa Uingereza kwa zaidi ya miaka thelathini, alikuwa amekwisha kufika hivyo Barbados na Saint Lucia. Asubuhi moja ya Februari 2025, meli ilipofunga gati St. George's, mji mkuu wa Grenada, alimwambia bintiye kuwa leo watakodi gari.

Alikuwa na lake moyoni. Siku tatu nyuma, mdogo wake alimpigia simu kutoka Wete. Shamba la mikarafuu waliloachiwa na marehemu baba yao lilikuwa limepata mnunuzi. Mikarafuu mingi imezeeka, mingine imekauka, na wa kuiangalia hayupo. Ilibakia kauli ya mkubwa tu, na mkubwa akasema atafikiri. Bintiye, mzaliwa wa London, aliijua karafuu ya kwenye chupa ya jikoni. Mti wake hakupata kuuona.

Katika ofisi ya magari, mtalii aliyewatangulia aliingia na swali la bei mdomoni. Karani alimtazama, akasema, "Habari za asubuhi," kisha akanyamaza mpaka alipojibiwa. Mpemba akatabasamu, kwao pia neno hutanguliwa na salamu. Alijaza fomu, akalipia kibali cha muda cha udereva, akaizunguka gari pamoja na karani wakiandika kila mkwaruzo. Usukani ulikuwa kulia na njia ni ya kushoto, kama Pemba. Karani alimkumbusha jambo moja: meli huwangoja waliotoka kwa matembezi iliyoyapanga yenyewe; aliyekodi gari kwa hiari yake akichelewa, huachwa. Mwisho wa kupanda ni saa kumi na nusu.

Grenada ni kisiwa kidogo. Urefu wake haufiki kilomita 35, karibu nusu ya urefu wa Pemba. Lakini udogo wa ramani si wepesi wa njia. Barabara ya magharibi imebanwa na mlima upande mmoja na bahari upande wa pili, na mtaro umeifuata bila ya ukingo. Kwenye kona madereva hupiga honi kabla ya kuonekana. Mara mbili Mpemba alisimama kuuliza njia, na mara zote mbili alijibiwa kwa mkono, kwa maelezo marefu na kwa dua ya safari njema.

Gouyave ni mji wa wavuvi, na ndani yake mna ghala kubwa la kungumanga, ambalo ni mali ya chama cha ushirika cha wakulima. Harufu iliwapokea kabla ya mlango. Humo kungumanga hukaushwa, huvunjwa magamba, kisha hutiwa majini: nzito huzama, nyepesi huelea, na hivyo daraja hujulikana. Basibasi, lile ganda jekundu linalozunguka kokwa, huchambuliwa peke yake. Wanawake walikaa wakichagua kwa mikono, macho yao yakiwa kwenye mazungumzo na vidole vyao vikiwa kazini. Mpemba alisimama kimya. Alikuwa amemwona mama yake akikaa vivyo hivyo, miguu ameinyoosha jamvini, akitenga karafuu na makonyo.

"Baba, unalia?" binti aliuliza.

"Ni harufu tu, mwanangu."

Walipopanda mlimani nyuma ya mji, gari ikawasumbua kwenye mteremko, wakaiegesha kando ya shamba. Njia ya kuingilia ilitandazwa magamba ya kungumanga, yakilia chini ya viatu. Mwenye shamba, mzee aliyepita miaka themanini, aliwakaribisha chini ya mti na kupasua tunda kwa kisu ili binti aone basibasi ikiwa bado mbichi.

Mzee alihesabu umri wake kwa dhoruba. Janet ilipopiga mwaka 1955 alikuwa mtoto wa miaka kumi na moja, akamwona baba yake akipanda upya. Ivan ilipopiga tarehe 7 Septemba 2004, miti ile ya baba ililala chini kwa siku moja, na yeye alikuwa na miaka sitini. Majirani wengi waliiacha kungumanga wakatafuta mazao ya haraka. Yeye alipanda. Mche wa kungumanga huchukua miaka saba au zaidi kuzaa, na kabla ya kutoa maua haujulikani kuwa ni dume au jike. Karibu nusu ya miche aliyoilea ilitoka madume, akaikata mingi yake, akapanda tena. Alipochuma mara ya kwanza alikaribia miaka sabini.

"Kwa nini hukuuza?" Mpemba aliuliza, na swali lilikuwa lake mwenyewe.

"Ningeuza kivuli ambacho sikukipanda," mzee alijibu.

Mpemba alikumbuka aliyosimuliwa utotoni: tufani ya mwaka 1872 iliyoangusha mikarafuu ya Unguja, ikaiacha Pemba kuwa ndiyo mama wa karafuu. Alikuwa akiihadithia kama bahati ya kwao. Siku ile aliwafikiria waliobakia Unguja na visiki vyao, wakishika jembe kwa ajili ya miti ambayo pengine wangekufa kabla ya kuichuma.

Kurudi, foleni iliwakamata mlangoni mwa mji, na mtambaa wa magari ulisogea hatua kwa hatua huku meli ikionekana juu ya mapaa. Walikabidhi ufunguo saa kumi na robo, wakakimbia gatini kama watoto.

Usiku, bahari ikiwa imewafungulia njia, Mpemba alimwandikia mdogo wake: shamba lisiuzwe, iliyokauka ing'olewe, itiwe miche, gharama juu yake. Jibu lilifika asubuhi, na halikuwa la furaha. "Sawa, kaka. Na miche ataiangalia nani? Mimi nina miaka sitini na mbili."

Alimpa bintiye simu asome. Binti alisoma polepole, kwa Kiswahili chake cha nyumbani, akakaa muda mrefu akiligeuza mkononi gamba moja la kungumanga alilolichukua njiani.

"Baba," alisema, "miche hupandwa mwezi gani?"

"Masika yakianza."

Hakuahidi kitu. Alifungua kalenda yake, akaanza kuhesabu siku za likizo.