Namba Iliyo Chini ya Chupa

Desemba iliyopita nilirudi nyumbani Nkwenda, wilayani Kyerwa, kwa mapumziko ya mwisho wa mwaka. Shangazi yangu ana kibanda cha vipodozi sokoni: losheni, mafuta ya nywele, poda za watoto. Mtaji wake aliutoa katika mauzo ya kahawa ya misimu miwili. Nilipokwenda kumwamkia hakuniuliza habari za chuo. Alinipa chupa ya losheni akasema, "Mwanangu, wewe umesoma. Binti wa jirani amepaka hii, uso ukamtoka vipele. Imeharibika, au ni ngozi yake tu?"

Chupa haikuwa na tarehe ya kutengenezwa wala ya mwisho wa matumizi. Ilikuwa na msimbopau, ile mistari myeusi ambayo wengi huidhani inataja umri wa bidhaa. Sivyo. Msimbopau hutambulisha aina ya bidhaa, na chupa zote za aina hiyo huweza kubeba tarakimu zilezile, ziwe za jana au za miaka kumi iliyopita.

Chini kabisa palichapwa 4127. Hiyo ndiyo namba ya toleo. Kiwanda huiweka ili toleo moja likibainika kuwa na kasoro, lifuatwe na kuondolewa sokoni bila kugusa mengine. Haikukusudiwa kumweleza mnunuzi chochote, ila viwanda vingi hufumba ndani yake siku ya utengenezaji. Mtindo mmoja ni huu: tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka, tatu zinazofuata ni siku ya mwaka huo. Lakini kila kiwanda kina mtindo wake, na hakuna kanuni moja ya dunia nzima.

"Siku ya 127 ya mwaka unaoishia na nne," nikamwambia kwa sauti ile ya darasani. "Mwanzoni mwa Mei 2024. Bado ni changa, shangazi." Akashusha pumzi.

Nilipokuwa nairudisha rafuni ndipo nikaona maandishi madogo pembeni: namba ya usajili wa TFDA. Nikanyamaza. Msomaji utakumbuka kwamba mwaka 2019 udhibiti wa chakula na vipodozi ulihamishiwa TBS, na TFDA ikageuka kuwa TMDA, yenye kushughulikia dawa na vifaa tiba. Kampuni yaweza kumalizia lebo zake za zamani kwa muda, lakini si rahisi iendelee nazo kwa miaka mitano. Ile nne haikuwa ya 2024. Uwezekano mkubwa ilikuwa ya 2014. Tarakimu moja hurudi kila baada ya miaka kumi, nami nilichagua muongo uliomfurahisha shangazi.

Nikamwambia ukweli. Nikaongeza kwamba umri peke yake hauthibitishi kuwa losheni ndiyo iliyomtoa binti vipele. Mafuta huchacha na vihifadhi hupungua nguvu, hasa chini ya bati lenye joto. Lakini hata krimu iliyotengenezwa mwezi uliopita, ikiwa na zebaki au haidrokwinoni, humdhuru mtu ikiwa mpya vilevile. Na kwa mtu mwenye ualbino, mafuta ya kujikinga na jua yaliyopoteza nguvu humwacha akijiamini juani bila ngao.

"Zimebaki chupa ishirini na mbili," akasema. "Aliyeniuzia kwa jumla hakunipa risiti. Nani atanirudishia?" Sikuwa na jibu. Mteja aliyekuwa akitusikiliza akaomba auziwe tatu kwa nusu bei. Shangazi akakataa, akaziingiza zote kwenye gunia la kahawa.

Gunia lile limenifikirisha. Kahawa yetu inaposafirishwa nje hubeba alama ya Shirika la Kimataifa la Kahawa: namba ya nchi, ya msafirishaji na ya fungu, na mnunuzi wa ng'ambo anajua namna ya kuisoma. Mkulima yuleyule, akigeuka kuwa mnunuzi, hupewa 4127 aifumbue mwenyewe. Hata Ulaya, kipodozi kinachodumu zaidi ya miezi thelathini hakilazimiki kuandikwa tarehe ya mwisho. Huchorwa kopo lililo wazi na idadi ya miezi ya kukitumia baada ya kulifungua. Alama hiyo haisemi kopo lilikaa miaka mingapi dukani kabla ya kufunguliwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu watumishi wa umma mnaosoma hapa, siwaombi mtufundishe kufumbua mafumbo. Tunahitaji tarehe iliyoandikwa kwa siku, mwezi na mwaka, juu ya kila kipodozi kinachofika katika soko la kata, na mkaguzi anayeanzia ghala la muuzaji wa jumla kabla ya kufika kibandani kwa mjane. Nanyi wanafunzi wangu, mkiwa likizo, someni lebo pamoja na wazazi wenu, lakini msiwe wepesi wa kutoa hukumu kama mwalimu wenu.

Siku niliyoondoka, gunia lilikuwa bado nyuma ya kibanda. Shangazi hataki kuzimwaga karibu na migomba yake, na hakuna aliyemwambia azipeleke wapi.