Tairi la Baba Halikuwa Kipara

Hakuna kitu kwenye gari chenye maandishi mengi kama tairi, na hakuna kinachosomwa kidogo kama hicho. Mwenye gari anaijua kichwani namba yake ya usajili, anajua tenki linabeba lita ngapi, anajua hata kila mkwaruzo wa mlangoni na nani aliuleta. Muulize tairi lake lilizaliwa lini. Atakuangalia kama mtu aliyeulizwa umri wa mama mkwe.

Mimi si fundi. Ni mtu wa vitabu, na nina tabia moja ambayo wasomaji wenzangu huenda mnayo: kabla ya sura ya kwanza natafuta ukurasa ule wenye mwaka wa kuchapishwa. Tairi nalo lina ukurasa huo. Tatizo ni kwamba sisi wengi tunaishia kwenye jalada.

Jalada la tairi ni meno yake. Kipimo chetu mtaani ni kimoja tu: likiwa na meno ni zima, likiwa kipara limekufa. Kipimo hicho si cha uongo, ila kinachelewa. Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji yenye kina cha milimita 8 hivi. Ukiinama ukachungulia ndani ya mifereji hiyo, utaona vituta vidogo vya mpira vimelala kukatiza, mfano wa matuta ya barabarani. Vimewekwa kiwandani kwa makusudi, vina kimo cha milimita 1.6. Siku meno yakisagika mpaka yakawa sawa na vituta hivyo, tairi limekwisha, na katika nchi nyingi sheria inasema hivyo hivyo. Wamarekani huchomeka senti yao mferejini, kichwa cha Lincoln kikitangulia. Utosi wake ukionekana wote, basi. Sarafu zetu hazikupewa kazi hiyo, lakini rula ya mtoto wa shule inatosha.

Sasa, mvua haisubiri milimita 1.6. Watu wengi wanadhani meno yapo ili tairi liishike lami. Kwenye lami kavu hata lisilo na meno linashika. Magari ya mashindano hukimbia na matairi laini kama kiganja, wakayavua mvua ikianza. Kazi kubwa ya mifereji, barabarani kwa magari yetu, ni kuyapa maji njia ya kutokea. Maji yakikosa njia, tairi linapanda juu yake, na hapo usukani unakuwa mwepesi ghafla kama umeshikilia sahani. Ndiyo maana wataalamu wengi wanashauri kubadilisha likifika milimita 3. Na ndiyo maana tairi lililoisha linadanganya vizuri sana: kiangazi chote linakupa ushahidi kwamba liko sawa. Ushahidi wa Januari haukusaidii chochote Aprili.

Meno pia yanasimulia habari za gari zima. Yakiliwa pembeni, kushoto na kulia, tairi limekuwa likitembea na upepo pungufu. Yakiliwa katikati, upepo umezidi. Yakiliwa upande mmoja tu, magurudumu hayako sawa, na hata ukinunua jipya leo litaliwa upande ule ule. Yakiwa na mabonde mabonde, kamuulize fundi habari za shokabu. Kubadilisha tairi bila kusoma namna lilivyoisha ni sawa na kumzika mgonjwa bila kujua ugonjwa, wakati watoto wanalala chumba kile kile.

Hayo nilikuwa nayajua. Nililojifunza kwa baba ni lile ambalo meno hayasemi.

Baba ni mwalimu mstaafu wa hesabu, anaishi nje kidogo ya Moshi, ana Corolla ambayo hutoka Jumapili kwenda kanisani na siku moja moja kwenda sokoni. Mwaka 2022, mwezi wa nne, tulipata msiba Lushoto. Tulikuwa twende watano kwenye gari lake, mwanangu wa miaka 12 akiwemo: tambarare yenye joto kupita Same mpaka Mombo, halafu zile kona za kupanda milima ya Usambara, na masika yalikuwa yameshaanza. Nikazunguka gari.

"Baba, matairi haya ya lini?"

"Mapya hayo, mama. Angalia meno."

Meno yalikuwa mazuri kweli kweli. Lakini ubavuni palikuwa na nyufa nyembamba, nyingi, kama udongo wa mbuga uliokosa mvua. Mpira huzeeka hata ukiwa umesimama: hewa, jua na joto huukausha, ukawa mgumu, na nyuzi za ndani zikaanza kuachana na mpira bila mtu kuona. Nyumba njema si mlango.

Tarehe iko ubavuni, kwenye mstari unaoanza na herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Mara nyingi huandikwa upande mmoja tu wa tairi, na fundi akilifunga upande huo ukaangalia ndani, itabidi ulale chini ya gari na tochi ya simu. Nikalala. 3411. Wiki ya 34 ya mwaka 2011. Kampuni ya Michelin inashauri tairi likitimiza miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likitimiza 10 litolewe hata kama bado linapendeza. Watengenezaji kadhaa wa magari wanasema miaka 6.

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Kwa hiyo kitu kikizeeka kinatupwa?"

Baba ana miaka sabini na kitu. Nilijua swali lile halikuwa la tairi peke yake, na sikuwa na jibu la kumpa mbele ya mtoto. Nikamletea miwani yake. "Soma mwenyewe, mwalimu."

Akasoma yote manne, akitoa kwa sauti kama yuko ubaoni. Halafu akafungua buti, akatoa tairi la akiba, ambalo halijawahi kugusa barabara. 0607. Miaka 15. Akamgeukia mjukuu wake. "Huyu ni mkubwa kwako. Mwamkie."

"Shikamoo, tairi," mtoto akasema, na sote tukacheka, na uzito ukapungua.

Pesa haikuwepo ya mchezo. Ilitoka kwenye fungu la mabati ya banda la ng'ombe, uamuzi wake mwenyewe. Kwanza tulipita kwa muuza matairi ya mtumba kando ya barabara, maana bei yake ilikuwa chini mno. Yalikuwa yamepangwa kama minara, meusi, yamepakwa dawa yanang'aa. Baba akavaa miwani, akaanza kuyapindua. "Hili 2012. Weka. Hili 2013. Weka." Lingine lilikuwa kipara kilichochongwa mifereji upya kwa kisu cha moto, hapo aliweka kidole, akatikisa kichwa. Mfereji ule umechongwa kwenye nyama ya tairi, ile iliyobaki kulinda nyuzi.

Muuzaji akachoka. "Mzee, unanunua tairi au unasahihisha mitihani?"

"Vyote viwili," baba akasema, tukaondoka. Tulinunua mapya, manne, na moja kati ya manne ya zamani halikuwekwa buti kuwa akiba, ingawa fundi alilipendekeza. Akiba ilisubiri mwisho wa mwezi. Tukaenda na namba ya simu ya jamaa wa Mombo.

Fundi aliyafunga mapya, akayavuta yale ya zamani upande wake. Baba akamwambia ayachane ubavuni, hapo hapo, tukiwa tunaona. Fundi hakufurahi. Kwa meno yale, yakipakwa dawa, yangekuwa kwenye mnara wa mtu kabla ya jioni, kisha kwenye gari la mtu asiyejua kusoma tarakimu nne. Alipoona mzee haondoki, akachukua kisu. Kuna kazi nyingine ambazo uzee wa mpira hauui mtu: ndala za katambuga, kitanzi cha bembea, duara la kupandia maua mbele ya nyumba. Barabara si mojawapo.

Lushoto tulifika. Mvua ilitukuta karibu na Soni, nzito, na gari lilipanda taratibu bila kuteleza hata mara moja. Je, yale ya zamani yangetufikisha? Pengine. Hilo ndilo gumu la jambo hili, na ndiyo sababu watu huahirisha: ukibadilisha tairi kwa wakati, hakitokei kitu, na hakuna atakayekuonyesha ajali uliyoikwepa. Kwa hiyo usingoje tairi likuambie. Panga mwisho wake mapema, wakati pesa na moyo vimetulia: milimita 3, au miaka kadhaa, kipi kitangulie. Baba sasa ameandika mwaka wa matairi yake kwa kalamu nyuma ya kadi ya gari, na chini yake ameandika mwaka wa kuyatoa. Pale chini ameacha nafasi ya mstari mmoja zaidi. Sijamuuliza ni wa nini.