Doa la Oili Kabla ya Karuma

Msafiri atokaye Kampala kwenda Gulu huvuka mto Kafu, akapita Kigumba na Bweyale, kisha akafika Karuma, ambapo nyani hungojea ndizi karibu na daraja la Mto Nile. Sisi tulikwama Kigumba. Pikapu yetu kuukuu ya dizeli, iliyobeba vitabu vya shule itakayofunguliwa kesho yake, iliacha doa jeusi chini ya giaboksi. Kijiti cha kupimia kilionyesha oili imeshuka kupita alama ya chini. Kuendelea hivyo ni kuua injini.

Fundi wa pale alisema sili ya nyuma imekufa, giaboksi ishushwe, kazi ya siku mbili. Sikumlaumu, doa lilikuwa pale hasa. Lakini dereva wetu, mzee aliyepata kuwa askari, aliomba kwanza kitambaa na dizeli. Alifuta injini yote, akaiwasha, akaichunguza kuanzia juu. Kumbe oili ilitoka kwenye gasketi ya kifuniko cha vali, ikichuruzika nyuma ya injini hadi chini. Nati zilikuwa zimelegea. Alizikaza kidogo kidogo kwa zamu, kwani nguvu nyingi hupinda kifuniko.

Tuliongeza lita mbili, tukapima tena Karuma. Jioni vitabu vilishushwa Gulu. Gasketi mpya ikangoja mshahara.