Pesa ya Kiwanja Iko Juu ya Mlima

Mwenzenu nilikuwa na mume wa mlimani. Sio utani. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari katika kijiji kimoja nje ya mji wa Kondoa, mimi niko Dar na kazi yangu ya benki. Nikitaka kuongea naye sharti nisubiri saa kumi na moja jioni apande kwenye jabali nyuma ya shule, maana ni hapo tu ndipo simu inashika mtandao. Na hapo juu hayuko peke yake! Kuna nesi wa zahanati anatuma ripoti, kuna vijana wanabembeleza wachumba, kuna mama anaulizia bei ya alizeti. Tukigombana, kijiji kizima kinajua.

Na tuligombana sana. Nikiona meseji yangu haijasomwa siku mbili, kichwa kinaanza hesabu zake. Mashosti wa ofisini nao hawakusaidia: "Mume wa mbali huyo, shauri yako." Yeye naye alikuwa akinunua bando la wiki, muda unaisha hajalitumia hata nusu, kwa sababu video moja ya somo la fizikia inazunguka weee mpaka anakata tamaa.

Mwaka jana nikaangalia akaunti yetu ya pamoja, ile pesa ya kiwanja cha Kigamboni. Imepungua laki nane. Jamani! Sikusubiri saa kumi na moja. Niliomba ruhusa ya dharura, kesho yake alfajiri nikapanda basi la Dodoma, nikaunganisha Kondoa. Njia nzima namsomea mashtaka kichwani, na katika mashtaka yote kulikuwa na mwanamke.

Nilimkuta juu ya paa la maktaba ya shule, spana mkononi.

Laki nane ilikuwa mchango wake. Shule, zahanati na wenye maduka watatu walikubaliana kuvuta intaneti kutoka mjini kwa pamoja. Akanieleza kwa subira ya kiualimu. Kampuni za simu hazioni faida ya kusimamisha mnara kwa ajili ya watu wachache. Lakini mtoa huduma mwenye leseni pale mjini anaweza kukuuzia laini moja, ukafunga kidishi huko na kingine upande wako, alimradi vionane uso kwa uso. Mlima ukikaa katikati, hakuna kitu. Na Kondoa ni milima! Ndiyo maana ikabidi waweke kituo cha kupokezana juu ya jabali lile lile la simu, na sola na betri zake. Vidishi vyenyewe vinatumia masafa ya gigahezi 5, kama Wi-Fi nyingi za maofisini. Pesa kubwa ni ya kuanzia. Bili ya mwezi ikigawanywa, kila mmoja anatoa kidogo.

"Wala sio sisi wa kwanza," akasema. Kule Mankosi, Eastern Cape, Afrika Kusini, wanakijiji walisajili ushirika wao wa mawasiliano, Zenzeleni, mwaka 2014. Kenya nao mwaka 2021 waliweka utaratibu wa leseni kwa mitandao ya jamii.

"Sawa, mwalimu. Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia wapi, mke wangu? Pale juu, mbele ya watu wote?"

Hapo alinipata. Lakini sikumwachia hivi hivi. Pesa ya watu wawili haitolewi na mtu mmoja, hata kama inajenga msikiti. Akaomba radhi, tukakubaliana arudishe laki moja kila mwezi. Mwezi mmoja ameshanikwepa, eti betri ya mlimani imekufa.

Siku hizi tunaonana kwenye video. Mwanzoni tulipanga saa mbili usiku, kumbe saa hiyo kijiji kizima kiko mtandaoni, sura ya mume wangu inaganda mdomo wazi. Tukahamia saa kumi na moja alfajiri. Yeye anakoroga chai yake, mimi niko na kilemba cha kulalia, hatuna wa kutusikiliza. Majuzi tuligombana kwa raha zetu dakika arobaini bila kukatika.

Kiwanja cha Kigamboni kilishachukuliwa na mtu mwingine. Hilo bado halijanitoka.